Umefunga EPS kwenye gari la zamani na usukani bado unasumbua? Anza hapa

Wakuu, hii ya kuchomoa kolamu ya usukani yenye mota (ndiyo EPS, usukani unaosaidiwa na umeme) kwenye Vitz, Passo, Ractis au Nissan March iliyokatwa na kuihamishia kwenye Land Rover Series III, Peugeot 504, Datsun 1200 au gari lolote la zamani imeshika kasi, na sababu iko wazi, kolamu zipo kibao Gerezani (Dar) na Grogan (Nairobi), zimetoka Japani kwa hiyo ni za usukani wa kulia kama magari yetu, na hazitaki pampu, mkanda wala oili. Ila malalamiko yanayofuata baada ya kufunga ni yaleyale kila siku, na karibu wote wanaanza na "mota imekufa". Mota huwa ndiyo ya mwisho kufa. Kinachosumbua kwa kawaida ni waya, ethi (njia ya umeme kwenda kwenye bodi), au mguu wa mbele wa gari ambao ulikuwa mbovu tangu enzi hizo na EPS imekuja kuufunika tu.

Kabla hujagusa dalili yoyote hapo chini fanya hili jaribio moja. Chomoa fyuzi ya EPS, nyanyua mbele, weka stendi za jeki (usiamini jeki peke yake), zungusha usukani kwa mkono toka mwisho mmoja mpaka mwingine. Mota itakuwa inaburuzika kidogo lakini inatakiwa iwe ulaini wa namna moja mwanzo mwisho. Kama na matairi hewani usukani bado mzito au unakwamakwama, acha umeme kabisa, tatizo lako ni la chuma. Kama hewani ni laini na chini ni mzito hata ukirudisha fyuzi, hapo ndiyo tunaongelea umeme.

Usukani mzito kabisa, kama hujafunga kitu

Cheki rahisi kwanza. Fyuzi kubwa ya EPS nzima? Usiiangalie kwa macho tu, zile zenye kifuniko cha plastiki zinaweza kuonekana nzima kumbe imekatika kwenye mguu, ipime kwa multimita. Halafu angalia waya mwembamba wa swichi, yaani ule unaoamsha kontrol boksi (kompyuta ndogo ya EPS) ukiwasha funguo. Watu wanauunganisha kwenye waya wa aksesori, ukipiga stata unakata umeme na kontrol boksi inazimika, kuna zinazorudi zenyewe na kuna zinazogoma mpaka uzime na kuwasha tena. Uchukue kwenye waya wa ignisheni unaobaki na moto hata wakati wa stata.

Cha pili ni ethi. Bodi ya gari la miaka ya 60 au 70 ina kutu, rangi juu ya rangi, na kwa Land Rover ndiyo kabisa, bodi ya alumini imefungwa kwa bolti za chuma na katikati pamejaa unga mweupe. Ethi ya EPS isiishie kwenye dashibodi. Ipeleke kwa waya mnene moja kwa moja mpaka nguzo hasi ya betri, na betri yenyewe iwe na ethi nzuri kwenda chesesi na kwenye injini.

Cha tatu, na hiki kiulize kabla hujafunga kitu: gari lako lina ethi ya upande gani? Magari mengi ya Uingereza ya kabla ya mwisho wa miaka ya 60 yana posetivu kwenye bodi. Angalia nguzo ipi ya betri inaenda kwenye bodi. Kama ni posetivu USIUNGE EPS, utaunguza kontrol boksi sekunde hiyohiyo. Na Beetle za zamani za kabla ya 1967 nyingi ni volti 6, hizo nazo hapana mpaka libadilishwe lote liwe 12. Kugeuza ethi siyo kubadilisha vichwa vya betri tu, dainamo inatakiwa ipigwe umeme upya igeuke, redio na amita nazo zinahusika, kwa hiyo kama hujawahi kuifanya mpe fundi umeme wa magari anayejua magari ya zamani, siyo kijana wa kufunga redio.

Yote hayo yakiwa sawa, ndiyo unaanza kufikiria kontrol boksi haikubali kuamka kwasababu haisikii injini wala spidi. Kuna kolamu ambazo bila taarifa zinaingia hali ya dharura na kukupa msaada wa kati usiobadilika, na kuna ambazo zinakaa kimya kabisa. Ulizia hili kabla ya kununua, muuzaji mzuri atakuwashia palepale mezani na betri.

Inasaidia halafu inakata, hasa ukipaki, na taa zinafifia

Hii ndiyo dalili namba moja, na hapa tukae kidogo.

EPS barabarani inakula umeme kidogo sana. Ukisimama na kukata usukani mpaka mwisho, mota inaweza kuvuta ampia 40 mpaka 60 kwa sekunde chache. Sasa angalia kilichopo kwenye gari lako. Dainamo ya Lucas C40 iliyofungwa kwenye magari mengi ya Uingereza inatoa ampia 22 ikiwa kwenye mbio, na kwenye silensa (injini ikiwaka bila kukanyaga mafuta) haitoi chochote cha maana. Alteneta ya Lucas 16ACR inayokuja na Series III ni ampia 34, na ikiwa kwenye silensa haifiki hata nusu ya hapo. Kwa hiyo ukipaki usiku, taa kubwa zimewaka, waipa inafanya kazi, feni inazunguka, wewe unakata kona kwa pupa, betri ndiyo inabeba kila kitu, volti zinashuka, kontrol boksi inajizima kujilinda. Haijaharibika.

Ila usikimbilie kununua alteneta leo. Pima kwanza, ni kazi ya dakika chache na multimita na mtu mmoja wa kukusaidia. Injini ikiwa imewaka silensa, weka multimita kwenye nguzo za betri, mwenzako akate usukani mpaka karibu na mwisho na aushikilie kidogo. Andika namba. Sasa hamishia multimita kwenye soketi kubwa ya kontrol boksi, waya wa posetivu na wa ethi, rudia vilevile. Tofauti kati ya namba hizo mbili ndiyo umeme unaopotelea njiani. Ukikuta betri inasoma 12.4 na kwenye soketi unapata 10.8, hata ufunge alteneta ya lori hautapona, waya wako ni mwembamba au kuna kichwa kimebanwa vibaya. Kwenye upande wa posetivu isizidi nusu volti, upande wa ethi iwe chini kabisa ya hapo.

Chanzo cha kawaida zaidi: mtu amechukua kolamu dukani na nyaya zimekatwa sentimita kumi toka kwenye soketi, akaunganisha na waya wa taa. Waya mkuu uwe milimita za mraba 10 angalau, na kama betri iko mbali, chini ya kiti kama Land Rover nyingi, nenda 16. Fyuzi iwe karibu na betri, saizi ileile iliyokuwa kwenye gari la Kijapani, na kama unapata nafasi ya kununua kolamu pamoja na nyaya zake mpaka boksi la fyuzi, lipa hiyo nyongeza usibishane.

Kama gari lina amita kwenye dashibodi, ile inayoonyesha chaji kushoto na kulia, basi umeme wote wa gari unapita mle ndani. EPS isipite kwenye amita. Nimeona amita ya nyuma imekuwa nyeusi, plastiki imeyeyuka kuzunguka zile bolti mbili, na mwenye gari alikuwa analalamikia harufu tu. Ukisikia harufu ya plastiki au waya wa EPS ukiushika ni wa moto, zima, toa kichwa cha betri, usiendeshe mpaka fundi umeme apitie nyaya zote.

Ukimaliza waya na ethi, betri ikawa nzima, ndipo unabadilisha alteneta. Ya ampia 60 au 70 ya Toyota mtumba inatosha, na waya wake wa kutoka kwenda betri nao ubadilishwe, ule wa zamani haukutengenezwa kwa mzigo huo.

Mwepesi upande mmoja, mzito mwingine, au gari linajivuta

Simama hapa usome taratibu, hii ndiyo inayoweza kuua mtu.

Kwanza rahisi: upepo wa matairi, breki ya upande mmoja inayoshika, alaimenti. Chomoa fyuzi ya EPS, jaribu kwenye uwanja ulio wazi kwa mwendo mdogo. Kama bado linavuta bila EPS, nenda kwenye alaimenti.

Kama linavuta EPS ikiwa imewashwa tu, ni sensa ya toki. Ndani ya kolamu kuna fito nyembamba inayojisokota kidogo unaposukuma usukani, sensa inasoma huo msokoto na kuiambia mota isukume upande gani na kwa nguvu kiasi gani. Sensa ikiwa imehama sifuri, kontrol boksi inadhani unasukuma kulia wakati wote. Na inahamaje? Mara nyingi ni nyundo. Fundi ameshindwa kuingiza kiunganishi kwenye meno ya shafti akaigonga. Au kolamu ilidondoshwa dukani. Au mtu amechomelea bano bila kuchomoa soketi za kontrol boksi.

Kwa Toyota nyingi sensa inasetiwa upya sifuri: matairi yameelekea mbele, mikono nje ya usukani kabisa, unaunganisha waya wa TS na wa CG, ambao kwenye gari zima uko kwenye soketi ya kupimia, tundu namba 12 na 4. Shida ni kwamba ukihamisha kolamu soketi hiyo imebaki kwenye Vitz, kwa hiyo hakikisha waya wa TS unatoka kwenye kontrol boksi na haujakatwa ukaachwa ndani ya gundi. Kolamu mpya mpya zinataka mashine ya kupima kabisa. Kontrol boksi ya gari moja na kolamu ya gari jingine ni lazima isetiwe, hakuna "itajizoesha".

ONYO: kama usukani unajizungusha wenyewe hata kidogo, matairi yakiwa hewani au chini, usiendeshe hilo gari hata kulitoa gereji. Chomoa fyuzi, lisukumwe. Mota ile ina nguvu kuliko mikono yako ukiwa hujajiandaa. Kolamu iliyogongwa na ikakataa kusetiwa haitengenezwi, tupa, tafuta nyingine.

Na weka swichi ndogo ya kuzima EPS karibu na mkono, iwe kwenye ule waya mwembamba wa ignisheni, siyo kwenye waya mkubwa. Fanya mazoezi ya kuendesha gari bila EPS kabla hujaingia barabarani ili siku ikizima ghafla usishtuke.

Mjini raha, kwenye spidi gari linaogelea

Unaongea na gari lisilojua spidi yake. EPS ilitakiwa ipunguze msaada kadri mwendo unavyoongezeka, lakini haisikii chochote, iko hali ya dharura, kwa hiyo kwenye 80 usukani ni mwepesi uleule wa kwenye maegesho. Kwa 504 inayopenda kwenda safari ndefu barabara ya Segera au ya Naivasha hii inachosha na ni hatari, maana kwenye tuta la ghafla au upepo wa lori unakata zaidi ya ulivyotaka.

Kolamu za zamani zaidi zinasoma spidi kwa waya mmoja wa mapigo, na hapo una bahati. Kuna sensa ndogo inayokaa katikati ya kebo ya spidomita. Magari ya Kijapani kebo inazunguka mara 637 kwa kilomita, ukiwa na sensa ya mapigo manne kwa mzunguko inaendana na kile ambacho kontrol boksi nyingi za Kijapani zinategemea. Datsun hapo imekaa sawa. Land Rover na Peugeot kebo zao zina hesabu tofauti, utahitaji kiboksi cha kurekebisha mapigo. Kolamu za baadaye zinasoma kwa kanbasi (CAN bus), zile nyaya mbili zilizosokotwa, na hizo ukizipelekea mapigo ya kawaida hazielewi, unanunua kiboksi kinachojifanya gari la Kijapani na kuiambia spidi na kwamba injini inawaka. Vipo vyenye kitufe cha kuzungusha ili uchague msaada mwenyewe. Ukitumia hicho cha kuzungusha, kaa upande wa mzito. Kaza mpaka usukani uwe na uzito kidogo ukisimama, hapo ukiwa kwenye mwendo utakuwa salama.

Kabla ya kununua kiboksi lakini: kama gari lilikuwa linaogelea hata kabla ya EPS, ni tairodi, boljointi, beringi za magurudumu, au stelingi boksi yenye pengo. Uzito wa zamani ulikuwa unalificha tu.

Usukani haurudi katikati baada ya kona

Kolamu yenye mota ina gia ya minyoo (worm gear) ndani, inaleta msuguano wa ziada, kwa hiyo kurudi kwa uvivu kidogo ni kawaida. Kukataa kabisa siyo kawaida.

Anza na grisi. Nipo (tundu za kupigia grisi) za kingipini na tairodi zinakula grisi kila wakati, kuna magari yana miaka haijapigwa. Kwa Land Rover Series kuna jamaa mmoja anasahauliwa kabisa, relei ya usukani, ile silinda iliyosimama ndani ya chesesi mbele, inatakiwa iwe na oili ndani na kwa magari mengi ni kavu. Fungua bolti ya juu ujaze oili. Jaza tu. USIIFUNGUE RELEI: ndani kuna springi imebanwa kwa nguvu sana na ikiruka inavunja mkono au taya, hiyo ni kazi ya fundi mwenye kifaa chake.

Inayofuata ni kasta, yaani mlalo wa kingipini kuelekea nyuma. Land Rover Series inataka digrii 3. Ukiwa umefunga springi ndefu au mashako marefu (vishikizo vya springi) ili gari lipande juu, kasta inaweza kuwa imehama, na ikipungua usukani hautarudi hata uombe. Kuna vipande vya kabari vinavyokaa kati ya springi na ekseli. Gereji ya alaimenti yenye mashine inaipima.

Mabonde: mwepesi, mzito, mwepesi, mzito ndani ya mzunguko mmoja

Mara mbili kwa kila mzunguko wa usukani? Ni krosi, kile kiungo cha shafti kinachoiruhusu kupinda. Kolamu ya Vitz haikupangwa kwenye mstari wa gari lako, ukaweka shafti ya kati yenye krosi mbili na moja imepinda sana. Krosi moja ikizidi digrii 30 hivi inaanza kukaba. Ziwe na pembe zinazokaribiana, na masikio yake yakae mstari mmoja, ukikosea meno mawili tu ya shafti unahisi mkononi. Ukiwa na krosi tatu lazima kuwe na beringi ya kushikilia shafti katikati, bila hiyo shafti inacheza kama kamba ya kuruka.

Hapa pia ndipo wanapochomelea. Shafti ya usukani haichomelewi mtaani, nukta. Tafuta viunganishi vya meno vinavyoingiliana upande huu na upande huu, au karakana ya mashine inayotengeneza kiunganishi na kuchomelewa na mtu mwenye cheti cha kazi hiyo. Fundi bodi mzuri wa mabati siyo lazima awe mzuri wa hili.

Dashibodi inalia au kolamu inajigeuza

Mota ikisukuma shafti kulia, ganda lake linataka kwenda kushoto. Kolamu ya zamani ilishikwa na bano jembamba maana haikuwa na kitu cha kuzuia. Ukiona kolamu inatikisika mwenzako anapokata usukani, au ufa wa rangi kuzunguka bolti, bano ni dhaifu. Tengeneza la chuma cha milimita 4 kwenda juu, liwe limeshikwa sehemu mbili zenye umbali, siyo kwenye bati la dashibodi. Na acha ile sehemu ya kolamu inayokunjika wakati wa ajali iwe huru, watu wanaipitishia bolti katikati na kuua kazi yake.

Jambo jingine la hapohapo: loki ya usukani. Kolamu imekuja na nyumba ya funguo ya Vitz, wewe unatumia swichi ya zamani ya gari lako, silinda umeitoa, pini ya loki imebaki. Itajifunga siku moja ukiwa kwenye kona. Toa pini yote au tumia funguo yake.

Taa ya EPS inawaka, au inasumbua siku ya mvua tu

Taa uiunge, wengi wanaiacha, ndiyo inayokuambia ugonjwa. Kwa Toyota, namba za hitilafu C1511 mpaka C1514 ni sensa ya toki, C1515 ni sifuri haijasetiwa, C1541 haipati spidi, C1552 umeme wa waya mkubwa. Hiyo ya mwisho irudie sehemu ya waya na ethi juu huko.

Inayokuja na masika na kupotea jua likiwaka ni maji. Kontrol boksi ilizoea ndani ya gari kavu, na wewe umeifunga chini ya kioo cha mbele cha Land Rover ambacho kinavuja tangu kiwandani. Ihamishie juu, soketi zielekee chini, nyaya ziwe na mkunjo wa kudondoshea maji kabla ya kuingia. Ukifungua soketi ukakuta ukijani kwenye pini, safisha na subiri ikauke kabisa kabla ya kurudisha fyuzi. Kama ukijani umeingia ndani ya boksi lenyewe, usilikwangue na kulirudisha, nunua jingine na lisetiwe sifuri.